Upham wa kwenye ngazi na Upham wa mwishoni: ni yupi aliyekosa zaidi?

MamaMkalimani (Kisumu) anauliza:

Hamjambo wanajukwaa. Kuna jambo linanikera tangu Jumamosi, na hapa nyumbani siwezi kulijadili bila watu kupandishiana sauti.

Wanangu wawili waliniwekea Saving Private Ryan, ile filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1998. Karibu na mwisho, Koplo Upham anampiga risasi Mjerumani aliyenyoosha mikono juu. Wanangu wakapiga makofi. Mkubwa akasema, "Sasa amekuwa mwanamume." Nikawaambia wazime, tuzungumze. Tulizungumza mpaka chai ikapoa na hatukuelewana.

Kwa ambaye hajaiona: ni Juni 1944, Ufaransa, siku chache baada ya majeshi ya Washirika kutua Normandia. Kapteni Miller ametumwa na watu wachache kumtafuta askari mmoja, Ryan, ambaye ndugu zake wameuawa vitani, ili arudishwe kwa mama yake. Miller anahitaji mtu wa kumtafsiria Kifaransa na Kijerumani, na wakalimani wake wamekufa. Ndipo anamchukua Upham, kijana wa ofisini anayeshughulika na ramani. Upham anataka kubeba taipureta yake. Miller anamwonyesha penseli. Bunduki hajaifyatua tangu mafunzo ya ukuruti.

Mimi ni mkalimani wa korti. Kazi yangu ni kusimama kati ya kizimba na hakimu, kutoa maneno ya Kijaluo kuyaingiza kwenye Kiswahili au Kiingereza na kuyarudisha. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo, na mkalimani huyo ndiye mimi. Kwa hiyo nilimtazama Upham kama mtu wa kazi yangu tangu alipoingia.

Na mwanzoni alinifurahisha. Pale kwenye kituo cha rada, baada ya tabibu wao Wade kufa, wenzake wanamchimbisha makaburi Mjerumani mmoja waliyemkamata, na wako tayari kumuua akimaliza. Ni Upham peke yake anayesimama na kusema haifai, mtu huyu amejisalimisha. Miller anamsikiliza. Mateka anafungwa kitambaa machoni, anaambiwa atembee akajisalimishe kwa kikosi cha Washirika atakachokutana nacho.

Halafu wanafika Ramelle, kwenye daraja. Kazi ya Upham ni kupeleka mikanda ya risasi. Juu, kwenye chumba cha ghorofani, wenzake Mellish na Henderson wamebaki bila risasi. Henderson anakufa. Mellish anapigana kwa mikono na Mjerumani mmoja, kisu alichochomoa yeye mwenyewe kinageuzwa, kinaingia kifuani pole pole. Upham yuko kwenye ngazi, bunduki mkononi, mikanda ya risasi imening'inia shingoni, analia. Hapandi. Mjerumani anapomaliza anashuka, anampita, hata hamgusi.

Sasa sikilizeni. Wanangu walidhani Mjerumani aliyepigwa risasi mwishoni ndiye yule wa kwenye ngazi. Nimegundua watu wengi wanadhani hivyo. Siye! Wa kwenye ngazi ni wa kikosi cha SS, jeshi la chama cha Nazi cha Hitler, ana alama zake kwenye kola. Wa mwishoni ni yule mateka wa kituo cha rada, askari wa jeshi la kawaida, aliyeachiliwa kwa sababu Upham alimtetea. Amerudi vitani, na Upham amemwona akimpiga risasi Kapteni Miller. Kwenye gwaride la utambulisho shahidi akimshika bega mtu asiye mwenyewe, kesi imekufa hapo hapo. Kwenye filamu tunamshika asiye mwenyewe na tunapiga makofi.

Mateka anamtambua, anatamka jina lake: "Upham." Upham anafyatua. Kisha anawaambia wale Wajerumani wengine watoweke.

Swali langu ni hili. Kwa nini mtu aliyeshindwa na miguu yake tunamwita mwoga na kumtemea mate, na mtu yule yule akiua aliyenyoosha mikono tunasema amepona? Mimi naona ngazi zile ni msiba, na kosa liko kule mwishoni. Niambieni kama nimepotoka.

Kijana wa Kondele anajibu:

Mama, shikamoo. Nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Mellish alikuwa anaomba. Anasema "ngoja, ngoja, nisikilize," na mtu mwenye bunduki iliyojaa yuko ngazi chache chini yake. Kupanda tu, kufyatua mara moja. Hata angekosa shabaha, yule Mjerumani angeshtuka. Na Mellish ni Myahudi, anayemuua ni SS. Hiyo peke yake inatosha.

Nilipoiona mara ya kwanza nilitaka kuingia kwenye skrini nimvute Upham kwa kola. Kuhusu mwishoni, hata kama si Mjerumani yule yule, huyu alipewa uhai bure na akarudi kumuua Kapteni. Mimi simwonei huruma.

Afande Mstaafu (Lanet, Nakuru) anajibu:

Mama Mkalimani, umeuliza vizuri. Kijana, nawe nimekusikia, na hasira yako ni ya haki. Lakini nilikuwa mwalimu wa makuruti kwa muda mrefu wa utumishi wangu, kule Eldoret wanakopikwa, kwa hiyo nitakueleza kinachotokea kwenye ngazi kama zile.

Mtu akiingiwa na hofu ya kweli, kitu cha kwanza kumtoka ni vidole. Umemfundisha kufungua mfuko wa magazini mwaka mzima, leo anaupapasa kama kipofu. Masikio yanaziba. Macho yanaona kitu kimoja tu, kingine chochote hakipo. Miguu inakuwa ya mtu mwingine. Unamwita jina haitiki, unampiga kofi hahisi. Huyo mtu hajaamua kukaa pale. Hakuna uamuzi wowote uliofanyika kichwani mwake.

Ndiyo maana tunawarudisha makuruti kwenye zoezi lile lile mpaka wanatuchukia. Si kwa kuwatesa. Tunataka siku akili itakapozima, mikono iendelee na kazi. Upham hakuwa na mikono ya namna hiyo. Alikuwa mtu wa ramani na kalamu.

Sasa nitasema jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, kwa sababu Miller ni kipenzi cha kila mtu. Makosa yalianza kwenye mpango. Unampa mtu ambaye hajawahi kupigana kazi ya kukimbia peke yake kati ya majengo, amebeba risasi ambazo uhai wa kila mtu unazitegemea, na humpi mwenzake wa kwenda naye? Sisi tulikuwa tunawapanga wawili wawili, mpya na mzoefu. Mpya akiganda, mzoefu anamshika mkanda na kumsukuma mbele, basi anakwenda. Nimeona vijana waliokuwa wameganda kabisa wakaamka kwa kuguswa bega tu. Upham hakuwa na wa kumgusa bega. Najua Miller alikuwa na watu wachache na vifaru vinakuja. Bado naliona ni kosa la kamanda.

Na huyo Miller mwenyewe mkono wake unatetemeka filamu nzima. Mtazameni vizuri. Hofu iko kwa wote, tofauti ni kwamba yeye ameshajifunza kufanya kazi nayo.

Majeshi yamewahi kuliadhibu jambo hili vibaya sana. Agosti 1943 kule Sicily, Jenerali Patton wa Marekani aliwapiga makofi askari wagonjwa waliolazwa kwa sababu ya akili kuchoka na vita, akiwaita waoga. Tarehe 31 Januari 1945 Wamarekani walimpiga risasi mtu wao, Eddie Slovik, kwa kutoroka vitani. Ni Mmarekani pekee aliyeuawa kwa kosa hilo katika vita vyote vile, ingawa waliotoroka walikuwa maelfu. Na Waingereza walisubiri hadi 2006 ndipo wakawasamehe askari 306 waliopigwa risasi katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kutoroka, woga na makosa kama hayo. Wengine walikuwa watoto, na wengine mabomu yalikuwa yameshavuruga akili zao.

La mwishoni, Mama, niko nawe moja kwa moja. Adui akipigana na kumpiga risasi Kapteni wangu, hiyo ni vita. Akishanyoosha mikono ni mateka wangu, na usalama wake uko juu yangu. Hili si suala la huruma, Kijana. Kanuni za Hague za mwaka 1907 zinakataza waziwazi kumuua aliyeweka silaha chini na kujisalimisha, na Marekani na Ujerumani zote zilifungwa na kanuni hizo. Kuruti wangu akifanya vile ningemkamata mwenyewe.

MamaMkalimani anajibu:

Afande, nimeyasoma maneno yako mara mbili. Hilo la kuguswa bega sikuwa nimelifikiria.

Kijana wangu, marahaba. Unasema Mellish alikuwa anaomba, na ni kweli. Lakini kuna sauti ya pili mle chumbani. Yule Mjerumani naye anazungumza. Filamu haiweki tafsiri chini ya skrini, kwa hiyo mimi na wewe tunasikia mngurumo tu. Nilimwomba rafiki yangu anayefundisha Kijerumani anisikilizie. Anasema yule mtu anamwambia Mellish akubali yaishe, kwamba hana nafasi, kwamba hivi itakuwa rahisi kwake, sasa hivi yatakwisha. Anayasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mellish haelewi hata neno moja. Anayeelewa kila neno yuko kwenye ngazi.

Mimi nimewahi kutafsiri ushahidi wa mama akieleza jinsi mtoto wake alivyofariki. Ukiwa mkalimani maneno hayakupiti pembeni. Unasema "mimi" mahali anaposema "mimi", kwa sababu ndivyo kanuni za kazi zinavyotaka. Hakimu anasikia habari, lakini wewe umeibeba mdomoni. Kuna siku hakimu alilazimika kuahirisha kikao kwa dakika kadhaa kwa sababu sauti yangu iligoma kabisa. Maneno nilikuwa nayo kichwani, yamekamilika, na hayatoki. Sikuwa hatarini hata kidogo, nilikuwa kwenye chumba chenye feni na polisi mlangoni. Kwa hiyo simwambii mtu aliyekuwa kwenye ngazi zile, akisikia pande zote mbili, kwamba kupanda kulikuwa rahisi.

Simfutii deni. Mellish alikufa na risasi zake ziko shingoni mwa Upham. Nasema tu mimi na wewe tuliitazama vita ile tukiwa na sikio moja.

Nyanya_za_Kiti (Nakuru) anajibu:

Naomba nichangie ingawa filamu yenyewe niliiona nusu. Mama Mkalimani, hilo la makofi limenigusa, kwa sababu mtu kama huyo nimeishi naye ploti moja.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa tunakaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mtaa sitautaja, geti moja la mabati na komeo la chuma. Funguo zilikaa na jirani wa chumba cha kwanza, mtu mpole, fundi wa redio. Usiku mmoja kijana aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni alikuja mbio akagonga geti. Alikuwa anamwita jirani kwa jina. Hakuita mwenye ploti wala mtu mwingine, alimwita yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimlipa maji kila asubuhi. Niliona kupitia dirisha letu. Jirani alikuwa amesimama upande wa ndani, hatua mbili tu kutoka kwenye komeo, na funguo zilikuwa zinagongana mkononi mwake. Hakufungua. Waliokuwa wakimkimbiza yule kijana walifika.

Hakuna mtu kwenye ploti aliyemlaumu, nawaambia ukweli. Mama yangu alisema geti lingefunguliwa wangeingia wote, na sisi tulikuwa watoto kumi na zaidi mle ndani. Asubuhi mama alimpelekea uji. Hakuunywa.

Tatizo lilikuja baadaye. Yule mtu alibadilika. Akawa ndiye mwenye sauti kubwa kwenye kila mkutano wa usalama wa mtaa. Akanunua rungu. Kisha kuna mvulana alikamatwa na mtungi wa gesi wa wizi, watu wakamfunga mikono kwa waya na kumkalisha chini wakisubiri polisi. Walikuwa wanasubiri polisi kweli, mzee wa mtaa alikuwa ameshapiga simu. Jirani yetu akatoka ndani mbio na bomba la chuma na akaanza kumpiga. Alikuwa anapiga huku anasema kwa sauti, "Mimi si mtu wa kuchezewa! Mimi si mtu wa kuchezewa!"

Hakuna aliyekuwa amemwambia ni mtu wa kuchezewa.

Walimshika, mvulana akapona. Lakini ile sentensi sijaisahau. Kwa hiyo Mama, unapouliza kwa nini tunaona Upham amepona, mimi nadhani ni kwa sababu Upham mwenyewe anataka tuone hivyo. Yule Mjerumani wa kwenye ngazi alimpita kama mtu anavyopita kiti. Hakumwona kuwa wa kuuawa hata. Aibu hiyo ni nzito kuliko hofu. Upham anaibeba, na anayempata wa kuilipia ni mtu asiye na bunduki. Jirani yetu hakuponea kwa mvulana yule. Alihama mwaka uliofuata, na mpaka siku anafunga mizigo alikuwa hapiti karibu na lile geti kama mtu mwingine ameshika funguo.

Mwalimu wa Vihiga anajibu:

Dada wa Nakuru, pole kwa uliyoyaona.

Nitaongeza kidogo. Babu yangu alikuwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika, matope mpaka magotini, malaria ikiwaangusha watu kuliko Wajapani. Alikuwa na hadithi nyingi za waliokuwa hodari. Kuhusu walioshindwa alikuwa na sentensi moja tu: "Wengine walikuwa wanakaa chini." Sisi wajukuu tukimuuliza walikaa chini vipi, nani, walifanywa nini, anarudia vile vile, walikuwa wanakaa chini, tunawachukua tunaendelea. Hakuwahi kumtaja mmoja wao kwa jina, na hakuwahi kuwacheka.

Ila kulikuwa na koplo mmoja wa kikosi kingine aliyempiga mateka Mjapani aliyekuwa mgonjwa wa kuhara, hawezi kusimama. Huyo babu alimtaja kwa jina mpaka anaingia kaburini, jina la baba yake na kijiji chake.

Kijana wa Kondele anajibu:

Nimewasoma wote. Afande, swali moja. Je, kama Upham angefika mwishoni akamkamata yule mateka, akampeleka kwa wenzake akiwa hai, ungesema amelipa deni la ngazi?

Afande Mstaafu anajibu:

Deni la ngazi halilipiki, kijana wangu. Mellish hayupo. Lakini angekuwa amefanya kazi yake, na ningemchukua kwenye kikosi changu kesho yake. Ningempa mwenzake wa kwenda naye.

MamaMkalimani anajibu:

Asanteni nyote. Nyanya za Kiti, mwanangu mkubwa nimemsomea maneno yako kwa sauti. Amenyamaza. Sisemi amekubali, ana miaka kumi na tisa na anakubali anapotaka.

Kuna kitu kimoja nilikiona tuliporudia sehemu ile. Upham alipompiga yule mateka, waliokuwa wamesimama pale wakiona kila kitu ni Wajerumani wenzake. Hao ndio anaowaambia watoweke, kwa lugha yao. Yaani mashahidi anawaondoa mwenyewe. Kisha filamu haituonyeshi akimweleza mtu yeyote kilichotokea. Mtu aliyeajiriwa ili maneno ya upande huu yafike upande ule, jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya halitafsiriwi kwa yeyote. Mtu aliyepatwa na woga hafanyi hesabu ya namna hiyo. Pale kichwa kilikuwa kinafanya kazi, na ndiyo sababu kama faili lingekuwa mezani ningetaka ashtakiwe kwa risasi ile, hata kama nampenda, na nampenda kwa ajili ya kituo cha rada. Alikuwa anajua sheria kuliko wote mle. Ndiye aliyewafundisha.

Na Kijana wa Kondele, usidhani nimekupuuza kuhusu Mellish. Alistahili mtu apande zile ngazi. Aliita, na aliyepaswa kuitika alikuwa karibu. Niliposema ngazi zile ni msiba, sikusema Mellish hakudhulumiwa.